Kiti cha Tisa Mezani kwa Mzee Emil

Wilber, Nebraska
16 Juni 1991

Mdogo wangu Verlin,

Hujambo huko kileleni? Sisi huku hatujambo, ukiondoa mgongo wa Duane ambao umegoma kazi tangu alipojitia kunyanyua gurudumu la trekta mbele ya majirani. Nilimwambia aache. Ni lini mume wangu akanisikia? Binti yetu Corinne kamaliza darasa la nane na sasa hakuna asilolijua, hata tumempa timu ya Mama kwenye ligi. Mahindi yamefika gotini. Baba hupita asubuhi akiyapapasa majani na kusema mwaka huu ni mazuri. Yeye mzima. Wiki iliyopita alikwaruza kisanduku cha barua kwa pikapu, lakini kisanduku chenyewe kilikuwa kimeinamia barabarani. Anakusalimu. Hakusema hivyo, ila najua angesema.

Haya, salamu zimetosha, sasa shika kalamu. Wewe ndiye uliyeshika mkia kwenye ligi yetu ya kugawana wachezaji mwaka jana, na kanuni unaijua: aliyeshika mkia ndiye wa kwanza kujichagulia namba ya zamu. Moja hadi tisa, zote ziko mbele yako, maana kumi ni ya Baba siku zote. Ukishasema wewe ndipo aseme aliyekuwa juu yako, na kadhalika mpaka bingwa, ambaye huokota iliyobaki. Watu tisa wameziba midomo wanakungoja wewe, mtu aliyemwacha mrushaji mwenye mguu uliovunjika acheze kwenye timu yake kuanzia Oktoba mpaka Krismasi. Mimi ndiye katibu wa ligi, na kila Jumatatu nilipopiga hesabu za timu yako nilikuwa naona aibu kwa niaba yako. Simu hukupokea. Ulikuja kwenye mazishi ya Mama, ukaondoka kabla kahawa haijapoa. Basi, yamepita.

Mimi ningekuwa wewe ningechukua tisa. Unamwona kila mtu kafanya nini kabla hujasema, na mzunguko unapogeuka zamu yako inarudi haraka. Ni ushauri tu. Tunakutana Jumamosi ya kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Septemba, bandani, kama siku zote. Asiyefika mwenyewe, namchagulia mimi kutoka gazetini, na unajua mimi sina huruma.

Dada yako,
Ardis

* * *

Mnara wa moto, Kilele cha Gaddy, Idaho
4 Julai 1991

Dada Ardis,

Shikamoo. Mimi mzima, nimekonda kidogo. Kazi yangu ni ileile: natazama milima kuanzia kunapokucha mpaka giza, nikiona moshi naita kwenye redio. Mpaka sasa nimeona moshi mmoja, nao ulikuwa wa mzee anachoma soseji. Lyle, mleta barua na nyumbu wake wa mizigo, hupanda huku anapojisikia, kwa hiyo usinilaumu nikichelewa. Mpe pole Duane. Mwambie gurudumu nalo linampa pole.

Lyle aliniona nimekaa na barua yako, akauliza kama kuna msiba. Nikamweleza. Nikamwambia, sisi kwetu watu kumi hukaa bandani kwa baba yangu, Mzee Emil, tukagawana wachezaji wa nchi nzima wa mpira ule wa kurusha na kukimbia nao, wachezaji wenyewe hawana habari, halafu kila Jumatatu tunafungua gazeti kuhesabu wa nani wamefunga. Mmoja anaanza, wa pili, mpaka wa kumi. Halafu trekta linageuza mwisho wa shamba: wa kumi anachagua tena, wa tisa anafuata, mpaka kwa wa kwanza. Lyle akafikiri sana, akasema, "Basi nambari moja anamchukua mbora kuliko wote." Nikamwambia, ndiyo. Akasema, "Sasa unafikiria nini?"

Na mimi ndivyo ninavyouliza. Yule mkimbiaji wa Detroit yupo, miguu yake ina wazimu, na mimi ndiye mwenye haki ya kumchukua. Mtu wa tisa anapata makombo. Hakuna aliyewahi kuchagua tisa kwa hiari yake isipokuwa Mama. Na viti vyetu hufuata namba, dada. Tisa ni kiti cha Mama, ubavuni kwa Baba. Sijui kwa nini unataka nikakae pale, wala usiniambie ni ushauri tu.

Andika moja. Verlin, namba moja.

Mdogo wako,
Verlin

* * *

Wilber
14 Julai 1991

Verlin,

Barua yako imefika ikinuka nyumbu. Tunashukuru u mzima. Huku joto limetushika koo. Corinne anataka kukata nywele kama mvulana, na babake anatafuta neno la kusema halipati. Baba kasimamisha gazeti la Omaha, anasema limejaa wanasiasa. Siku hizi anapenda redio. Jioni ananiita nimtafutie stesheni ya mpira, namwambia kitufe hiki hapa, kipapase mwenyewe, anasema mikono yangu ina bahati.

Namba yako sijaitangaza. Usifoke. Binamu Milo ananipigia simu kila siku kuuliza, "Mkia kasema nini?" maana yeye ndiye anayekufuata na anaitaka moja hadi halali. Jana kanijia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya matango kama mtu aliyekuja kuposa. Namwambia barua haijafika, ya Idaho inachelewa. Nimewadanganya watu wa ukoo mzima kwa ajili yako, na Jumapili nilikaa kanisani nikitazama viatu vyangu.

Nifikirie kidogo. Namba moja ni ya mtu mvivu. Unachagua mmoja, halafu unakaa unatafuna vikeki vya kolachi vyenye tunda katikati wakati watu kumi na wanane wanaondoka, zamu inakurudia umeshasahau ulikuja kufanya nini. Mkimbiaji wa Detroit akiumia goti Septemba, utalia na nani? Lakini tisa unachagua, Baba anachagua wake wawili papo kwa papo, unachagua tena. Mama alikaa pale miaka yote, na mara ngapi alitufunga?

Sikwambii kakae na Baba mpatane. Hamjagombana, mpatane nini? Ninyi mmenyamaza tu. Nakwambia chagua tisa kwa kuwa ni nafasi nzuri. Nijibu upesi, Verlin. Kila gari likikata kona ya kisanduku nasimama dirishani.

Ardis

* * *

Kilele cha Gaddy
29 Julai 1991

Dada,

Shikamoo. Hali yangu ni ya vumbi. Kumekauka vibaya huku. Radi zinapiga bila mvua, na nimeita moshi mara nne wiki hii. Bi Fern, mwalimu mstaafu ambaye hunishikia mnara nikienda kuoga mjini, anasema hajaona nyasi za namna hii. Corinne mwacheni anyoe, zitaota.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Mwanzo nilikasirika. Nilisema dada yangu kanificha namba yangu, ananizungusha kama mtoto. Halafu nikaanza kuisoma kama ninavyosoma mabonde. Ukikaa mnarani hutafuti moto, maana moto unajionyesha wenyewe. Unatafuta kitu kidogo ambacho jana hakikuwapo.

Baba kagonga kisanduku kilichosimama pale tangu sijazaliwa. Baba anapapasa mahindi. Baba, ambaye alikuwa akisoma gazeti la Omaha mpaka matangazo ya mbolea, kasimamisha gazeti. Na kitufe cha redio hakioni mpaka uitwe wewe.

Nakuuliza jambo moja, usinizungushe. Baba anaona?

Verlin

* * *

Wilber
9 Agosti 1991

Verlin,

Leo hakuna habari za nyumbani. Habari ndiyo hii.

Haoni. Anaona kingo za vitu, katikati ni ukungu. Uso wako atauona masikio tu. Daktari wa Lincoln alisema ni uzee wa macho na hakuna dawa, na hiyo ni miaka mitatu sasa. Nami sikuambiwa. Mama ndiye aliyejua peke yake. Nimejua mimi msimu wa theluji, Mama yuko kaburini, nilipomkuta Baba amemshika paka anamwita kwa jina la mbwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwatania wale wawili mezani? Mama ananong'ona, Baba anatikisa kichwa, na sisi tunasema, tazameni wapenzi wanapanga njama. Verlin, alikuwa anamsomea. Karatasi ile ninayobandika ukutani, majina ya waliokwisha kuchukuliwa, alikuwa akimsomea yote, mzunguko baada ya mzunguko, kisha anachagua wake. Ndiyo maana kila mwaka alijichukulia tisa, maana kumi ni ya Baba.

Halafu mwaka jana Duane akaleta kanuni yake, hakuna kunong'ona na jirani, na sote tukanyoosha mikono. Wewe ulinyoosha. Mimi ndiye niliyeiandika. Mama akanyamaza. Mzunguko wa sita Baba akamtaja mpokeaji wa Houston, ambaye Milo alikuwa kamchukua zamani, jina lake limekaa ukutani kubwa kama mlango. Tukamgongea kengele ya ng'ombe kama tunavyomgongea yeyote anayetaja aliyekwisha kuchukuliwa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baba alicheka pia. Mama hakucheka, na mimi nikasema moyoni, kakosa nini leo bibi huyu?

Sasa Baba kaniambia, na kaniapisha nisimwambie mtu: akigongewa kengele tena mwaka huu, anaondoka mezani harudi. Siyo kwa hasira. Anasema mtu akishindwa kazi aipishe. Verlin, hiyo ligi ndiyo kitu pekee anachokizungumza tangu Mama aondoke. Asubuhi haamki kwa ajili ya mahindi, Duane ndiye anayeyalima. Anaamka kusikiliza nani kaumia goti. Akiondoka pale bandani ataenda kukaa kwenye kile kiti cha jikoni, na najua hatanyanyuka.

Mimi siwezi kukaa naye, niko ukutani naandika. Wengine nikiwaambia nimevunja kiapo. Wewe sikukwambia, umejionea mwenyewe. Kwa hiyo nimekuandikia tisa mara mbili kama mwehu, na ningeandika mara mia.

Na nimekukasirikia, nisikufiche. Tangu Oktoba hukumpigia mzee simu hata mara moja.

Ardis

* * *

Kilele cha Gaddy
18 Agosti 1991

Dada Ardis,

Shikamoo.

Tisa. Itangaze leo. Mpe Milo ile moja, na ndoo yake ya matango umrudishie.

Kanuni ya kunong'ona niachie mimi.

Ile timu sikuiacha kwa uvivu. Kila Jumamosi Mama alikuwa akinipigia simu, ananiuliza nampanga nani kesho, nikimtajia ananiambia, "Huyo ana uso wa homa, mtoe." Alikuwa ananifunga vibaya na bado ananishauri. Alipofariki, Jumamosi ya kwanza simu ikalia saa ileile. Ulikuwa wewe, najua. Sikuweza kuinyanyua, na kuanzia siku hiyo sikuweza kuzigusa zile karatasi. Namkumbuka Mama kila simu inapolia. Kwa Baba ningesema nini? Naye ni hodari wa kunyamaza kuliko mimi.

Sasa baya lenyewe. Bonde la kusini linawaka tangu juzi. Mkubwa wangu kaniambia kwenye redio, watu wote wa mlimani wakisikia, kwamba hakuna anayeshuka mnarani mwezi huu. Bi Fern kasema yuko tayari kunishikia, nami nitampasulia kuni zake za msimu wa baridi, lakini mkubwa hajakubali. Namsumbua kila asubuhi. Usimwambie Baba naja, asije akanisikilizia mlangoni bure.

Verlin

* * *

Wilber
28 Agosti 1991

Verlin,

Barua hii haitakufikia kabla ya Jumamosi. Naandika kwa kuwa nikikaa bure mikono yangu inavunja vyombo.

Nimetangaza tisa. Wamecheka. Duane kasema, "Mlima umempanda kichwani." Milo kachukua moja na kunibusu. Nimeoka kolachi za watu thelathini. Baba kanyoa ndevu mwenyewe na kujikata, na kila gari likipita anauliza, "Nani huyo?" Sikumwambia lolote, nakuapia. Kajua mwenyewe kwamba tisa ni yako, na hajalala mchana siku tatu.

Usipokuja nitaweka kolachi kwenye kiti chako na kuiita Verlin.

Njoo, ndugu yangu.

Ardis

* * *

Kilele cha Gaddy
15 Septemba 1991

Dada Ardis,

Shikamoo, na asante kwa ile mifuko ya kolachi. Lyle alikula nusu na nyumbu mmoja alikula karatasi. Moto wa kusini umezimwa. Nimempasulia Bi Fern kuni, kama tulivyopatana mkubwa aliponiruhusu, mpaka sasa naota magogo. Barua yako ya tarehe ishirini na nane nilikuta inaningoja hapa, nikaisoma nimesimama.

Wewe ulikuwa ukutani unaandika, ulinisikia, kama kila mtu, nikipiga kelele. Lakini mengine hukuyasikia.

Nilipoingia nikinuka moshi, Baba hakugeuza kichwa. Nikavuta kiti. Akasema, "Nani huyo?" Nikasema, "Namba tisa, Baba." Akasogeza kahawa yake kidogo kunipa nafasi, basi. Nikaanza. Ulinisikia: "Mkimbiaji wa Detroit kaondoka! Wa Buffalo kaondoka! Wa Chicago naye! Mmeniachia nini, majambazi wakubwa?" Milo ananiambia nyamaza, ndiyo kwanza napandisha sauti. Kila zamu yangu ikikaribia nausoma ukuta mzima kwa kulalamika, jina kwa jina, kama mjane kwenye matanga. Duane aliponitolea kanuni nikamwambia, imeandikwa hakuna kunong'ona, je, mimi nanong'ona? Hapo hata yeye alicheka.

Ambacho hukuona ni chini ya meza. Mzunguko wa pili Baba aliweka buti lake juu ya langu. Akitaka nirudie, anakanyaga. Akishajua anachotaka, anaachia. Tulicheza hivyo mchana kutwa, dada, na kengele ile ilikaa msumarini haikuguswa. Sijui kama umewahi kutaka kulia na kupiga kelele kwa wakati mmoja.

Aliponisindikiza kituo cha basi, wewe na Duane mkitufuata nyuma ili kurudisha gari, alinipa ufunguo wa pikapu bila kuombwa. Njiani akasema, "Mama yako alikuwa akisoma taratibu. Wewe unasoma kama dalali wa mnada wa ng'ombe." Nikamwuliza, basi nibadilishe? Akasema, "Hapana. Nasikia vizuri hivyo hivyo." Maili nyingi baadaye akasema, "Mwakani chukua tisa." Nikamjibu ndiyo. Kumpigia simu sasa ni kila Jumamosi nikishuka mjini kuoga, muulize.

Tatizo ndilo hili. Nilikuwa nimeshughulika na ukuta mpaka wachezaji wangu nikawachukua ovyo ovyo, na Lyle kaniletea gazeti, nikapiga hesabu, nami naongoza ligi. Mimi. Na bingwa huokota iliyobaki. Milo kamwambia Baba kwamba kumbe tisa ina siri, mwakani ataiwahi. Nikishinda, kiti kinakwenda. Nikiiacha timu ife makusudi ili nishike mkia, nimerudia uchafu wa mwaka jana, na safari hii Baba atajua. Kila Jumapili nakaa na redio namwombea mtu wangu afunge, akifunga nashika kichwa. Niambie nifanyeje.

Verlin

* * *

Wilber
1 Desemba 1991

Mdogo wangu Verlin,

Nimesikia kwa Baba umeshuka mlimani na umepata kazi kwenye duka la mbao huko Boise. Vizuri, utakula chakula cha watu. Sisi wazima. Mahindi yameingia ghalani, mgongo wa Duane umepona kwa ajili ya kula tu, na nywele za Corinne zimeanza kuota. Baba haendeshi tena. Hakusema kitu, alinipa ufunguo wa pili nikauweka kwenye kabati la vikombe.

Barua yako ya Septemba sikuijibu kwa kuwa sikuwa na jibu. Kila Jumatatu nilikuwa napiga hesabu zako, nakuta bado unaongoza, nafunga daftari kwa hasira.

Sasa nisikilize. Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani tulikuwa wote hapa mezani. Batamzinga kaisha, watoto wadogo wamekwenda nje. Duane akagonga glasi kwa uma. Nikadhani anataka kuomba tena kiazi. Akasema, "Katibu, andika. Mwakani mimi nataka saba." Nikamwambia ligi haijaisha, hujui utakuwa wa ngapi. Akasema, "Andika tu." Milo akasema, "Mimi tano, au yoyote, lakini siyo tisa, ile ina makelele." Mjomba Stan akataja tatu. Wakaenda hivyo meza nzima, mmoja mmoja, watu wazima wanaogombana kila mwaka kwa ajili ya namba, na hakuna aliyeitaja tisa. Duane akamaliza, "Na ile kanuni yangu ya kunong'ona, ifute. Ilikuwa ya kipumbavu." Alikuwa anatazama sahani yake wakati anasema.

Sikumwambia, Verlin. Wala Milo hakuambiwa na mtu. Nadhani walijua tangu pale bandani, mtu mmoja akiusoma ukuta mzima mara kumi na tano, hata Milo ataelewa. Walikaa wakakufokea mchana kutwa ili uendelee.

Baba alikuwa amesikia yote. Hakusema asante, unamjua. Alinyoosha mkono kwenye sinia ya kolachi, akachukua moja, akaishika mbele ya watu wote.

"Hii ya tunda gani?" akasema. "Mimi sioni."

Corinne akamwambia, "Ya plamu, babu." Akala.

Basi shinda, mpumbavu wewe.

Dada yako,
Ardis